Usaili wa Utumishi na usaili wa kampuni: umeitwa kote kuwili, ujiandae vipi?

Mhitimu amekaa mtaani muda mrefu, simu kimya. Halafu wiki moja jina lake linatokea kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo wengi huiita Utumishi tu, na wiki hiyo hiyo kampuni moja ya Dar es Salaam inampigia: njoo Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi. Furaha inampanda, kisha kichwa kinamuuma. Asome nini?

Wengi hapo hukimbilia video za "maswali kumi ya interview": jieleze, udhaifu wako ni nini, kwa nini tukuajiri wewe. Ushauri wa video hizo unafaa kwa kampuni. Ukiubeba kwenda nao kwenye mchujo wa Utumishi, yaani mtihani wa kuandika wa kupunguza watu, utakaa mbele ya karatasi inayokuuliza hatua za ununuzi wa umma huku umekariri namna ya kutabasamu. Kinyume chake pia hutokea: kijana aliyekesha na vitini vya sheria anafika kwa meneja wa mauzo, anaulizwa "ukipewa eneo la Mbagala utaanzia wapi?", naye anaanza kutoa maana ya neno mauzo.

Msimamo wangu ni kwamba hii ni mitihani miwili, na maandalizi ya mmoja hayakusaidii sana kwenye mwingine. Kinachofuata ni kuiweka ubavu kwa ubavu ili ujue saa zako chache uzipeleke wapi.

| | Utumishi | Kampuni binafsi |
|---|---|---|
| Hatua | Mchujo wa kuandika, vitendo kwa baadhi ya kada (aina za kazi), kisha mahojiano | Simu fupi, kisha mahojiano. Baadhi huongeza zoezi la kazi |
| Wanaoitwa kwa nafasi moja | Wengi, kada nyingine mamia au maelfu | Wachache |
| Kinacholeta alama | Hoja sahihi, sheria, taratibu | Ushahidi wa ulichowahi kufanya |
| Vyeti | Halisi, siku ya usaili | Nakala kwanza, halisi ukikaribia mkataba |
| Mshahara | Umeshapangwa | Unazungumzwa |
| Tarehe | Haisogei | Husogea ukiomba mapema |

Kwa nini serikali hupima kwa karatasi

Chanzo ni wingi wa watu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalivuka 135,000. Hakuna jopo duniani linaloweza kuketi na umati huo mmoja mmoja. Lazima uwepo mtihani unaopunguza watu kwa haraka, na uache alama ambayo mwajiri anaweza kuitetea akiulizwa kwa nini fulani kapita na fulani kabaki.

Hilo ndilo la kushika kabla hujafungua kitini. Mchujo unahitaji alama za kukata watu, kwa hiyo maswali yake yana majibu yanayoweza kusahihishwa: orodhesha, eleza, tofautisha, chagua herufi sahihi. Utu wako, ucheshi wako na bidii yako havionekani kwenye karatasi. Na usidanganywe na kile kiwango cha kufaulu cha alama 50 ambacho kila mtu anakitaja. Kupata 50 kunakuweka kwenye foleni tu. Wanaoendelea huchukuliwa kutoka juu kushuka, kwa hiyo kwenye kada yenye watu wengi unaweza kupata 60 na kitu ukabaki nje, huku mwenzako wa kada adimu akipita na 52.

Kampuni haina tatizo hilo. Imeshachambua CV, imebakiza watu watano au wanane, na wote kwenye makaratasi wanafanana. Meneja anatafuta mtu ambaye hatamsumbua, atakayeanza mwezi ujao na kuleta faida. Anauliza ili akuone ukifikiri, naye hukukatiza njiani.

Kusoma kwa ajili ya mchujo

Anza na tangazo la kazi lenyewe. Watu hulidharau kwa sababu walilisoma siku ya kuomba. Lile tangazo lina orodha ya majukumu ya kada, na watunga maswali wana orodha hiyo hiyo mezani. Chukua kila jukumu, lifanye swali. Kama limeandikwa "kuandaa taarifa ya usuluhishi wa benki", basi uwe na uwezo wa kuiandaa hapo hapo kwa kalamu, na si kueleza tu kwamba ni muhimu.

Pili, jua sheria inayoshika kada yako na toleo lake la sasa. Hapa ndipo waliosoma zamani huachwa. Afisa ugavi anayeendelea kutaja TANePS, mfumo wa zamani wa ununuzi wa umma mtandaoni, anajitangaza kwamba hajui kuwa NeST ilichukua nafasi yake mwaka 2023, mwaka huo huo ilipopitishwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Na. 10. Mhasibu aijue MUSE, mfumo wa malipo ya serikali, na IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma. Anayeomba utendaji wa kijiji asichanganye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na halmashauri ya kijiji, ambayo Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, inaipa wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Tofauti ndogo kama hiyo hubeba alama nne au tano.

Tatu ni mambo yanayomhusu kila mtumishi bila kujali kada: misingi minane ya Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma, haki na wajibu wa mtumishi, muundo wa serikali kuu na serikali za mitaa, mfumo wa PEPMIS wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS, na Dira ya Maendeleo 2050 iliyozinduliwa Julai 2025. Misingi ile minane ningeikariri kabisa: huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, kutopendelea, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Utaihitaji tena kwenye mahojiano.

Kuhusu pepa za nyuma zinazozunguka WhatsApp na Telegram: zisome, lakini ujue unasoma nini. Nyingi zimeandikwa kwa kumbukumbu na waliotoka chumbani, majibu yake yamejazwa na mtu yeyote, na baadhi ni za kabla ya sheria kubadilika. Faida yake kubwa ni kukuonyesha mtindo, yaani maswali mangapi, marefu kiasi gani, kada yako inapenda hesabu au maelezo. Majibu yatafute mwenyewe kwenye sheria. Na fanya angalau pepa mbili kwa kujipimia muda, umekaa mezani, simu imezimwa. Watu wengi wanaofeli mchujo walijua majibu. Waliandika kurasa tatu kwenye swali la kwanza, wakafika la nne wakiwa na dakika sita. Kama umeelekezwa kwamba mtihani ni wa kompyuta, jizoeshe kuandika kwa kibodi na kujibu bila kurudi nyuma kila mara.

Usaili wa vitendo sitauzungumzia sana. Dereva ataendesha, mwandishi mwendesha ofisi atachapa, mtu wa TEHAMA atapewa kompyuta. Mikono ama inajua ama haijui, na wiki mbili hazitoshi kuidanganya.

Majopo mawili, swali moja

Ukipita mchujo, unafika mbele ya jopo la Utumishi. Hapa watu hudhani sasa wamefika kwenye usaili wa video za mtandaoni. Bado. Kwenye jopo hili wasailiwa wa kada moja huulizwa maswali yale yale, na wajumbe wanatoa alama kwa hoja zilizotegemewa. Hata anayekuangalia bila kutabasamu huenda anatafuta tu hoja yako ya tatu ili akuwekee alama. Kwa hiyo hesabu hoja zako kwa sauti: kwanza, pili, tatu. Jibu tamu lenye hoja moja linapata alama za hoja moja.

Tuchukue swali ambalo huulizwa kote kuwili: utafanya nini ukigundua mwenzako kazini anaiba au anapokea rushwa?

Jibu linalofaa jopo la Utumishi linakwenda hivi: "Kwanza nitahakikisha nina ushahidi, si tetesi. Pili, Kanuni za Maadili zinanitaka niwe mwadilifu na niwajibike kwa umma, hivyo sitanyamaza; nitamtaarifu msimamizi wangu kwa maandishi. Tatu, kama msimamizi mwenyewe anahusika, nitapeleka taarifa ngazi ya juu yake au TAKUKURU, chombo kilichopewa jukumu hilo na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Nne, nitatunza siri ya taarifa hiyo ili uchunguzi usiharibike." Limenyooka, lina ngazi, lina sheria. Halina hadithi yoyote, na halihitaji.

Mpelekee meneja wa kampuni jibu hilo hilo, ataitikia kwa adabu na kuuliza: "Sawa, imewahi kukutokea?" Yeye anataka hivi: "Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, duka la vifaa vya ujenzi, niliona hesabu ya saruji stoo haikubaliani na risiti siku tatu mfululizo. Sikumtaja mtu. Nilimwonyesha msimamizi karatasi zote mbili, nikapendekeza mzigo ukitoka usainiwe na watu wawili. Alikubali, na hesabu zikaanza kulingana." Humo hamna sheria hata moja, lakini mna mtu aliyeona, akatenda, na kukapatikana matokeo.

Hata kujitambulisha kunatofautiana. Utumishi wanataka jina, elimu, uzoefu kama upo, umemaliza. Ukianza kusimulia ndoto zako za utotoni unakula muda wa maswali yenye alama. Kwa kampuni, dakika hiyo moja ya kujieleza ndiyo nafasi yako ya kuchagua mazungumzo yaelekee wapi. Ukitaja kwamba uliwahi kusimamia kibanda cha wakala wa fedha, swali linalofuata litakuwa kuhusu kibanda hicho, na wewe ndiye unayekijua kuliko wao.

Lugha nayo: jiandae kwa Kiswahili na Kiingereza kote. Kampuni nyingi zitaanza kwa Kiingereza hata kama meneja ni Mpare na wewe ni Mpare. Usijikaze kwa maneno makubwa. Sentensi fupi iliyo sahihi inapita ile ndefu iliyokwama katikati.

Maandalizi ya kampuni: hadithi tano na ziara moja

Kwa kampuni, ningeacha kukariri majibu ya maswali hamsini, nikaandaa matukio matano ya kweli kutoka maishani mwangu. Tukio la kutatua tatizo, la kufanya kazi na mtu mgumu, la kushindwa na kurekebisha, la kuongoza wenzako, la kufanya kazi kwa presha ya muda. Kila moja liwe na sehemu nne: hali ilikuwaje, wajibu wako ulikuwa upi, ulifanya nini wewe mwenyewe, na matokeo yalikuwa nini, kwa namba kama ipo. Matano haya yanajibu karibu kila swali, kwa sababu maswali ya meneja ni mengi kwa maneno lakini machache kwa maana.

"Sina uzoefu" si kisingizio hapa. Uliwahi kukusanya michango ya mahafali chuoni, tena ikatimia? Uliuza mitumba likizo? Ulimsaidia shangazi daftari la mgahawa mpaka wadeni wakaanza kulipa? Hayo ni matukio. Wanaokosa kazi mara nyingi wanayo, ila wanayaonea aibu, wanaona hayafanani na ofisi.

Kisha nenda ukaione biashara yao. Kama ni benki, ingia tawini, kaa kwenye foleni, angalia wateja wanakwama wapi, mpitie na wakala mmoja umuulize analalamikia nini. Kama ni kampuni ya kusambaza vinywaji, zungumza na wenye maduka watatu mtaani kwako: mzigo unafika siku gani, nani anachelewa, mshindani anatoa ofa gani. Utakuja na sentensi moja ambayo wenzako wote hawana, kwa kuwa wao wamesoma ukurasa wa "Kuhusu Sisi" kwenye tovuti na wewe umetembea. Sijaona maandalizi ya nusu siku yanayolipa kuliko hayo.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yamekaa katikati ya hizi dunia mbili. Mengi hutoa zoezi la kuandika, kama kuchambua jedwali au kuandaa bajeti ndogo ya mradi, halafu mahojiano ya kampuni. Karibu yote yatauliza kuhusu ulinzi wa watoto na wanufaika. Soma sera yao kama wameiweka wazi. Swali hilo ukilikosea, hata uwe hodari wa takwimu, hawakuchukui.

Swali la mshahara

Serikalini halipo. Tangazo limeshataja ngazi ya mshahara, na jopo halina mamlaka ya kukuongezea hata shilingi. Usiliulize.

Kampuni itakuuliza unatarajia kiasi gani, na hapo wahitimu wengi hutaja namba ya kuchukua mkononi huku mwajiri akisikia namba kabla ya makato. Fanya hesabu nyumbani. Tuseme mshahara ni 1,000,000 bila posho, Tanzania Bara. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mgawanyo wa kawaida wa nusu kwa nusu kati yako na mwajiri, inachukua 100,000 yako. Zinabaki 900,000 za kukatwa kodi, na kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2021 kodi yake ni 103,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000. Unaondoka na 647,000. Kama ulikuwa unahitaji 800,000 mkononi ili ulipe kodi ya chumba Tabata na umsaidie mama, milioni moja uliyoitaja kwa kujiamini haikutoshi, na ni wewe uliyeitaja.

Taja kiwango chenye chini na juu, sema wazi kwamba ni kabla ya makato, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Vyeti: huku ndiko Utumishi inakata watu kabla hawajafungua mdomo

Soma maelekezo ya tangazo la kuitwa kwenye usaili mpaka mwisho, hata kama umeyasoma mara nyingi. Wanataka kitambulisho, vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulifika, mpaka cha taaluma. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, matokeo ya muda, barua za chuo kwamba umehitimu: hazipokelewi, nawe huendelei. Kila msimu kuna watu wanaosafiri usiku kucha na kurudishwa mlangoni kwa ajili hiyo.

Kama majina yako hayafanani, mathalani cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na cha chuo kina matatu, au herufi moja imebadilika, shughulikia kiapo au hati ya kubadili jina leo, usingoje wiki ya usaili. Uliyesoma nje, vyeti vyako vinatakiwa viwe vimehakikiwa na mamlaka husika: shahada TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), stashahada NACTVET (Baraza la elimu ya ufundi), sekondari NECTA (Baraza la Mitihani). Kazi hiyo haimaliziki kwa siku mbili. Na namba ya usaili inakiliwe mapema kutoka kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya Utumishi ya kuombea kazi. Ukifika ukiwa huijui, hakuna dawati la kukutafutia.

Kampuni hulegeza mwanzoni. Nakala kwenye barua pepe zinatosha mpaka wakupende. Ila wanafuatilia kitu ambacho Utumishi haikigusi sana hatua hii: wadhamini uliowaandika kwenye CV. Wapigie hao watu kabla kampuni haijawapigia. Mwalimu wako wa chuo akipokea simu ghafla na kusema "nani huyo?", umekwisha.

Nauli na bando

Wasailiwa wa Utumishi hujigharamia usafiri, chakula na malazi. Usaili mwingine siku hizi hufanyika mikoani, lakini wa Dodoma bado upo, na msailiwa wa Dar es Salaam anapaswa kupiga hesabu ya kwenda, kulala na kurudi, pengine mara mbili kama mchujo na mahojiano vimepishana siku kadhaa. Treni ya SGR imepunguza maumivu ya njia tangu ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma katikati ya 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000. Nenda siku moja kabla. Chumba kiwe karibu na kituo cha usaili kuliko kuwa kizuri. Kama una ndugu Dodoma, mwambie mapema na ufike na sukari.

Kwa kampuni gharama ni ndogo, ila usaili wa mtandaoni una mitego yake. Bando la siku liwepo, simu ya pili iwe tayari kama intaneti ikigoma, na uwe umechaji kila kitu tangu jana yake kwa sababu umeme hautakusubiri. Waombe wenye nyumba wazime redio kwa saa moja. Watakubali, ila usiwaombe dakika tano kabla.

Mwenyewe, kikundi, au kulipia?

Kwa mchujo, kikundi cha watu watatu au wanne wa kada moja kinafaa sana. Gawaneni sheria, kila mmoja afundishe aliyoisoma, kisha mtungiane maswali na kusahihishana bila huruma. Kikundi cha WhatsApp cha watu mia nane si kikundi, ni stendi ya Magufuli: kelele, uvumi wa tarehe, na mtu anayeuliza "jamani majina yametoka?" kila baada ya nusu saa. Chukua faili unazohitaji, kisha zima sauti yake.

Kwa kampuni, kikundi hakikusaidii hivyo. Unahitaji mtu mmoja mwenye kazi, ikiwezekana anayeajiri au aliyewahi kuajiri, akuketishe nusu saa na kukuhoji. Rafiki yako wa karibu atakusifu, kwa hiyo hafai. Jirekodi kwenye simu, ujisikilize. Utachukia sauti yako, lakini utasikia pale ulipozunguka dakika mbili bila kujibu.

Kulipia walimu wa usaili? Wapo wanaofundisha vizuri, hasa kwa kada zenye hesabu au sheria nyingi, na kama umemaliza chuo miaka mingi iliyopita huenda ukahitaji mtu wa kukurudisha darasani. Lipa ukishaona kipindi kimoja cha bure. Anayekuuzia "pepa yenyewe ya kesho" ni tapeli, na kama si tapeli basi ni mhalifu anayetafuta mwenzake wa kushtakiwa naye. Kuomba kazi kupitia Ajira Portal ni bure, na hakuna ada ya kuitwa kwenye usaili.

Ukiwa na wiki mbili na saili zote mbili zinakusubiri

Ningezigawa hivi, na sitadai kwamba ndiyo njia pekee. Siku mbili za mwanzo ni za vyeti, viapo, nauli, na simu kwa wadhamini, maana hayo yakikwama hakuna kusoma kutakakokuokoa. Baada ya hapo asubuhi zote ziende kwenye mchujo, wakati akili haijachoka, kwa kuwa kukariri sheria na kufanya pepa kunataka kichwa kibichi. Jioni ziwe za kampuni: kuandika yale matukio matano, kuyasema kwa sauti, kutembelea maduka au matawi. Kazi ya jioni ni ya kuzungumza na kutembea, inaendana na uchovu. Siku tatu za mwisho zipe usaili unaotangulia, mwingine uuweke kando kabisa.

Tarehe zikigongana, usipoteze muda kuandikia Utumishi ikuhamishie siku. Pigia kampuni, siku ile ile uliyoona tangazo, na uzungumze na mtu wa rasilimali watu moja kwa moja: "Nashukuru kwa nafasi hii na naihitaji. Tarehe hiyo nina usaili mwingine uliopangwa na ambao siwezi kuusogeza. Naomba kama inawezekana nije siku moja kabla au siku mbili baada yake." Usitunge msiba. Kampuni nyingi hukubali, na kuna meneja atakayekuona una thamani zaidi kwa sababu wengine nao wanakutaka.

Wakikataa, angalia umefikia hatua gani. Kama Utumishi wamekuita kwenye mchujo wa kada yenye maelfu, na kampuni imekuita ukiwa mmoja wa watu watano, mimi ningekwenda kwa kampuni. Matangazo ya serikali yatarudi, na akaunti yako ya Ajira Portal ipo. Lakini kama mchujo ulishapita na sasa wanakuita kwenye mahojiano, panda treni. Waliobaki ni wachache, na anayefaulu mahojiano hata akikosa nafasi ya wakati huo jina lake huingia kwenye kanzidata, ambako watu huja kupangiwa vituo miezi kadhaa baadaye bila kufanya usaili mwingine. Kampuni haina utaratibu wa namna hiyo: Alhamisi ikipita, kiti kimepata mtu.